Besi ya Kale Iliyotengenezwa Jana

Niliiona besi yangu begani mwa mtu mwengine, huko pwani ya Kendwa, alasiri ya Alhamisi, nikadhani nimeibiwa.

Nilikuwa nimekwenda na wenzangu wanne kupiga muziki kwenye hoteli moja ya pwani. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huku Chukwani. Muziki wa hoteli ni kibarua cha pembeni tu. Kilichonikaa rohoni ni taarabu, na klabu yetu iko Mji Mkongwe. Napiga gitaa la besi, lile la nyuzi nne nene ambalo watu wengi hawalitambui mpaka siku likinyamaza.

Yule aliyelivaa gitaa langu alikuwa mgeni wa hoteli, mzungu wa umri wangu, amekaa kwenye kiti cha kamba anajipigia taratibu bila ya spika. Rangi ni ileile ya ukwaju. Shingo fupi ileile, na ule mfuniko wa chuma kinachong'aa juu ya mwisho wa nyuzi. Hata ule mchubuko wa ukingo wa juu, pale rangi ilipoondoka ukaonekana mti wenyewe, ulikuwepo. Moyo ulinilipuka, maana langu nililiacha nyumbani ndani ya sanduku lake, gonjwa.

Nieleze ugonjwa wenyewe, la sivyo hasira yangu itaonekana ya bure.

Lile gitaa ni kubwa kuliko mimi kwa umri. Klabu ililinunua zamani, na aliyelipiga miaka yote ni mwalimu wangu, ambaye sote tunamwita Maalim. Ni fundi cherehani wa kanzu na makoti, mwenye asili ya Kiarabu. Ukoo wake uliwahi kuwa na mashamba ya mikarafuu; yeye alichokirithi ni cherehani, na hanung'uniki. Nilipoingia klabu nikiwa msichana nikasema nataka besi, wanaume walicheka. Walisema nikaimbe, au nikapige rika, lile tari dogo, vidole vya mwanamke havifiki. Maalim alinipa gitaa nikalipakata, akasema, "Hebu nyoosha mkono." Nikanyoosha. Vikafika.

Vilifika kwa sababu shingo ya gitaa lile ni fupi. Aliyelichora kule kiwandani, Mungu amrehemu kama hayupo, alifikiria kwamba binadamu hawana mikono sawa. Akalifanya jepesi pia, mtu anaweza kusimama nalo harusi nzima bila ya bega kuuma. Na chini ya ule mfuniko wa chuma akaweka kipande cha sponji na skurubu mbili za kuzungusha kwa vidole. Ukizikaza, sponji inapanda inagusa nyuzi, na sauti inakuwa fupi, ya mviringo, dum, halafu imekwisha. Ukizilegeza, uzi unaimba mpaka uchoke wenyewe.

Kwa watu wa muziki mwengine pengine hiyo ni anasa. Kwa taarabu ni nusu ya kazi. Udi una maneno yake, fidla ina yake, na mwimbaji ndiye bibi harusi. Besi ikiburuta sauti inawakanyaga wote. Maalim akinambia, "Wewe ni mwenye nyumba siku ya harusi. Wageni wajue upo, lakini usipige makelele." Miaka mingi sikupiga wimbo bila ya kuzigusa zile skurubu kwanza. Maalim vilipomvimba viungo vya vidole asiweze tena kubana nyuzi, klabu ilikubali nilichukue mimi.

Sasa, huko kuumwa kwa gitaa. Ilikuwa harusi hapa hapa Chukwani, sherehe ya wanawake baada ya alasiri, ukumbi umejaa. Katikati ya wimbo wa pili nikasikia kitu kimekatika, tak, na uzi wa nne, ule mnene kabisa, ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Meno ya kile kifungo cha kukazia uzi yalikuwa yamekatika. Nilimaliza sherehe kwa nyuzi tatu. Mwimbaji wetu alinigeukia mara mbili kwa jicho ambalo sijalisahau.

Kifungo kimoja tu, kitu cha kutosha kiganjani. Fundi mmoja wa saa hapa mjini alijaribu kuyaunga yale meno, na Mungu amlipe, yakashika nusu. Uzi ulikazika, lakini kila baada ya dakika chache ulishuka kidogo, kidogo, mpaka sauti ikawa chini ya inavyotakiwa. Mwenye masikio alisikia.

Kampuni iliyolitengeneza gitaa lile bado ipo. Nikaiandikia. Niliwaeleza kwa adabu zote, nikapiga na picha, nikaomba vifungo vinne, au hata kimoja. Majibu yalikuja baada ya wiki nyingi. Walishukuru. Walifurahishwa na historia yangu. Vipuri vya gitaa lile, wakasema, haviundwi tena kwa sababu hakuna soko, watu hawataki tena vitu vile. Nikakubali. Nikajiambia, haya, dunia imekwenda mbele, mwalimu wa Chukwani hawezi kuirudisha nyuma.

Ndipo hapo Kendwa, miezi miwili baadaye, nikaliona begani mwa yule mgeni. Jipya!

Nikamsogelea, nikamuuliza kalipata wapi. Akasema ni toleo la kumbukumbu, kampuni imeamua kuyarudisha magitaa yake ya zamani, na watu wanayagombania. Alikuwa muungwana. Alinivua mkoba mwenyewe, akanivisha gitaa. Wallahi, mkono wangu ulifurahi kabla ya mimi mwenyewe. Shingo niliitambua kiganjani kama mkono wa ndugu. Nikapiga noti mbili, sauti ikaburuta. Hapo sikushituka, nikanyoosha vidole kwenye skurubu, kama nilivyozoea, nikazungusha.

Hakuna kilichobadilika. Nikazungusha tena, nikazungusha nyengine. Zilikuwa laini, zinakwenda pande zote mbili bila ya kushika kitu.

"Zimeharibika?" akauliza mwenyewe.

"Sijui. Naomba nifungue mfuniko."

Akaniruhusu. Tukaazima bisibisi kwa fundi umeme wa hoteli. Tulipouondoa ule mfuniko tukaona daraja la nyuzi, chuma kitupu, basi. Hakuna sponji, wala pahala pa kuweka sponji. Zile skurubu zilipenya kwenye mfuniko zikaishia hewani. Walizitia ili zionekane.

Yule mgeni akacheka kicheko cha mtu aliyefedheheka. Alikuwa nalo mwaka mzima, na siku zote akidhani hajui kulitumia. Nikamuomba na jambo la pili, tupime vile vifungo vya kukazia nyuzi. Nilikuwa na kile kibovu changu ndani ya pochi; kila nikiliacha gitaa nyumbani nakifungua nakitembeza kama hirizi, nikirudi nakirudisha. Tukaviweka pamoja. Kwa sura ni mapacha. Kwa kipimo, cha kwao ni kinene zaidi; hakingeingia kwenye tundu la gitaa langu ila kwa kulitoboa upya.

Hebu mtu anifahamishe. Walikaa, wakalichora gitaa la zamani upya mpaka rangi, mpaka umbo la kichwa cha skurubu, halafu wakahakikisha hakuna hata kipande kimoja kitakachomfaa mwenye gitaa la zamani. Wameturudishia picha ya kitu. Siku ile nilipiga muziki wa hoteli kwa gitaa la kuazima, meno yamebanana, na wenzangu waliniuliza njia nzima ya kurudi mjini nani kanikera.

Kesho yake baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda dukani kwa Maalim. Nikamueleza. Alikuwa anatia vishikizo kwenye koti, hakuinua kichwa.

"Pengine hukuzizungusha skurubu sawasawa."

"Maalim, nimefungua. Hamna kitu ndani."

Akasita na sindano. "Hamna kitu?"

"Hamna."

"Lahaula," akasema, na akarudi kwenye koti lake. Baada ya kitambo akasema tena, peke yake, "Hamna kitu."

Niliandika barua ya pili, na hii haikuwa na adabu zote. Nilisema mlinambia hakuna soko, kumbe soko lipo, ila la sura. Sikutarajia jibu. Jibu likaja siku tatu tu baadaye, tamu kama halua. Wakala wao wa Afrika Mashariki angependa kuja Unguja kutuona. Wangependa kupiga filamu fupi: mji wa kale, besi ya kale, mwanamke mpigaji, na mwalimu wake fundi cherehani. Habari hizo zote walizitoa kwenye barua yangu ya malalamiko. Hasira zangu wameziona ni mandhari nzuri!

Nilikubali. Nakiri, na sijisifu kwa hilo. Wakala aliandika kwamba suala la vipuri "tutalizungumza tukionana," nami nilikuwa na uzi unaoshuka. Mwenye shida hachagui.

Alikuja na watu wawili, mpiga picha na mtu wa sauti. Wakala mwenyewe ni Mtanzania wa bara, mtu wa makamo, mpole, Kiswahili chake safi. Alimuamkia Maalim shikamoo kwa mikono miwili. Alituletea gitaa moja jipya la zawadi, la klabu. Kisha wakaanza kazi. Walitaka nisimame na gitaa jipya mbele ya mlango wa nakshi. Nikawaambia mlango ule ni wa nyumba ya jirani, mimi sikai hapo wala sipigi muziki mlangoni. Wakasema ni dakika moja tu. Ikawa saa nzima, jua la saa saba, na mtandio umenigandana shingoni.

Baadaye ndani ya klabu wakala alimpa Maalim lile jipya alishike. Maalim alilipakata, akalipapasa kwa vidole vyake vilivyovimba, akafika kwenye ule mchubuko wa ukingo wa juu. Kwenye gitaa letu mchubuko ule aliutia yeye. Ni vishikizo vya mkono wa koti lake. Kila mwaka, kila harusi, vilikwangua pale.

"Hili nani alikuwa akilipiga?" akauliza.

"Hakuna, Maalim. Ni jipya kabisa, limetoka kiwandani," akasema wakala.

"Na hapa?"

"Hapo wanapachubua makusudi, palepale mikono ya wapigaji inapokwangua, lionekane lina historia. Hilo ndilo la bei ya juu zaidi. Yasiyochubuliwa ni rahisi."

Maalim akakiondoa kidole pale kwenye mchubuko. "Yaani mtu analipa zaidi apate lililochakaa, na halikumchosha mtu yeyote?"

"Wateja wanapenda, Maalim."

"Basi njoo dukani kwangu," akasema Maalim. "Nna makoti yamepauka kweli."

Wenzangu walicheka. Wakala naye akacheka, kwa adabu. Mimi sikuweza. Nikazishika zile skurubu mbele ya kamera inayozunguka, nikazizungusha, nikasema kwa sauti: "Hizi ni za nini?"

"Ni za muonekano, mwalimu."

"Zamani zilikuwa na kazi."

"Ni kweli, lakini utafiti wa wenzetu unaonesha wengi hawakuzitumia."

"Waliuliza wapi? Hapa walikuja kuuliza?"

Nikasema yote, kamera inaniangalia. Nikasema sipingi kurudishwa kwa vitu vya kale. Mimi ndiye niliyekuwa nikiomba virudi. Rudisheni shingo fupi, maana wasichana wangapi wameambiwa vidole vyao havifiki wakati kosa ni la gitaa? Rudisheni wepesi, rudisheni na sponji. Na kabla ya hayo yote uzeni kifungo kimoja kwa mtu ambaye bado analo lile mliloliuza zamani na hajalitupa. Huyo ndiye aliyewahifadhia jina lenu.

"Umesema vizuri sana," akasema wakala, na nikaona anasema kweli. Kuhusu vifungo, akaahidi kuuliza.

Mwisho ilikuwa kurekodi sauti. Tulipiga wimbo wetu mmoja, mimi na lile jipya. Mtu wa sauti alitusimamisha mara mbili. Besi inavuma, akasema, inauzamisha udi. Mara ya tatu akavua vidude vya masikioni, akaniomba nipige na lile la zamani, "kwa mazoezi tu, niweke mitambo sawa." Nikapiga na la zamani wimbo mzima. Akanyanyua kidole gumba. Wakafunga vifaa, wakaaga, wakaondoka.

Filamu ilitoka mwezi uliofuata. Mwimbaji wetu ndiye aliyeniletea kwenye simu, wakati wa mapumziko ya skuli, nikaitazama nimesimama chini ya ngazi watoto wanapiga makelele. Mlango wa nakshi upo. Uso wa Maalim upo, analipapasa gitaa jipya kwa macho ambayo asiyejua atadhani ni ya mapenzi. Mikono yangu ipo. Maneno yangu hakuna hata moja. Msimulizi wa kigeni ndiye anayesema, kwamba mwanamke huyu ameipata tena sauti ya ujana wake.

Hayo ningeyameza. Lakini nikasikiliza besi. Nikaomba ile simu, nikaiweka sikioni, nikaziba sikio la pili. Sauti fupi, ya mviringo. Halafu, kuelekea mwisho wa wimbo, uzi wa nne ukashuka, kidogo, kidogo.

Lilikuwa gitaa langu. Wamechukua sauti ya gitaa langu bovu, waliloninyima kifungo chake, wakaitia chini ya picha ya gitaa lao ili waliuze.

Sijui kama nimewahi kughadhibika vile. Nilimaliza vipindi vilivyobaki kwa kuwaandikisha watoto imla, maana sikuiamini sauti yangu. Jioni nilimpigia simu wakala. Mwanzo alisema haiwezekani. Nikamwambia asikilize uzi wa nne mwishoni. Akaniomba nisubiri, akaenda kuisikiliza. Aliporudi alisema hakulijua hilo, lilifanywa na watu wa studio, na mimi naamini hakulijua. "Lakini mwalimu," akasema, "si wewe ndiye uliyepiga? Ni sifa yako."

"Nimepiga mimi, kwa gitaa lipi?"

"Naelewa."

"Basi waambie waseme."

Hawakusema. Niliandika mara mbili, kimya. Wenzangu wa klabu waligawanyika: baadhi walisema tumeshapewa gitaa la bure, tuseme alhamdulillahi tukae. Maalim ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Mimi uso wangu umetumiwa kusema uongo. Nimeshona nguo za watu miaka yote hii, sijauza kitambaa cha ndani kikiwa hakipo."

Basi tukapiga filamu yetu wenyewe. Mpiga nai wetu, yule wa filimbi, alishika simu. Nilikaa kwenye kiti cha klabu na magitaa mawili mapajani. Nilizungusha skurubu za lile jipya, nikafungua mfuniko, nikaonesha hewa. Nikapiga wimbo uleule kwa jipya, halafu kwa la zamani, nikawaambia watazamaji wasikilize uzi wa nne, halafu wakasikilize na filamu ya kampuni. Sikumtukana mtu. Nilisema kwa Kiswahili tu, bila ya tafsiri. Anayetaka kujua atatafuta mfasiri, kama sisi tunavyowatafutia wao.

Ilisambaa kuliko nilivyodhani. Wapigaji waliniandikia kutoka Lamu, kutoka Ngazija, kutoka nchi nisizozijua, wengi wao wanalo lile gitaa jipya na walikuwa wakizungusha skurubu zile kwa siri, wanaona aibu kuuliza. Mzee mmoja wa Mombasa alinipigia simu. Alikuwa na gitaa kama langu ambalo lilipasuka kiwiliwili miaka mingi iliyopita, na hakuwa na moyo wa kulitupa. Alivifungua vifungo vyote vinne akavifunga ndani ya leso, akampa mjukuu wake aliyekuwa anakuja Unguja. Hapakuhitaji kutobolewa popote. Vilikaa.

Filamu ya kampuni iliondolewa siku moja bila ya neno. Hawakuomba radhi, si kwangu wala kwa Maalim, na duka lao linaendelea kuuza skurubu za hewa hadi leo.

Lile gitaa la zawadi nililipeleka kwa seremala, akachonga kitako kidogo cha mti chini ya mfuniko. Kipande cha sponji nilikikata kwenye godoro kuukuu. Skurubu zikabadilishwa kwa ndefu zaidi, na sasa zinapandisha. Kazi ya mchana mmoja! Watu wawili, msumeno na godoro. Kiwanda kizima kilishindwa nini?

Ndilo ninalomfundishia dada mmoja wa Jambiani, analima mwani na wenzake kule pwani ya mashariki na anakuja mjini siku bahari ikiwa imejaa, hakuna kazi. Siku ya kwanza alificha mikono chini ya kanga, ilivyochanika kwa chumvi na kamba. Aliniambia aliwahi kujaribu gitaa refu la hotelini akaambiwa hana kimo chake. Nikampa lile fupi. Baada ya wiki ya tatu aliniuliza kwa nini limechubuka pale juu, nani aliliangusha. Nikamwambia ukweli. Alifikiri natania.

Wiki iliyopita wakala alinipigia tena. Kampuni, akasema, inafikiria toleo jengine la heshima, la rangi maalumu, na pengine wangechonga nakshi ya mlango wa Unguja kwenye ubao. Wangependa baraka zangu.

"Litakuwa na sponji?" nikauliza.

"Hilo bado halijaamuliwa."

"Na vifungo mtauza?"

"Nitalifikisha kwa wahusika, mwalimu."

"Uliwahi kusema hivyo hivyo, ndugu yangu. Mimi baraka sina, nna darasa la nne wananisubiri." Nikakata simu nikaingia darasani, na watoto waliponiona uso wakakaa kimya wenyewe.